Saa ya kerneli inayokimbia mara nne

Ndugu, unasema ukiwasha prosesa moja saa ya kerneli yako (kiini cha mfumo endeshi unaouandika) iko sawa, lakini ukiwasha zote nne, dakika moja inahesabiwa karibu nne. Hapo hakuna uchawi. Kila prosesa ina taima ndani ya APIC yake (kidhibiti chake cha vikatizi, yaani ishara zinazoikatiza kidogo ishughulikie jambo jingine), na zote zinaongeza kaunta ileile. Ni kama matatu ya Rongai yenye makanga wanne, kila mmoja akiandika abiria walewale kwenye daftari moja.

Ipe prosesa 0 peke yake kazi ya kuongeza saa. Nyingine zikipata kikatizi zishughulikie mambo yao: muda wa mchakato unaoendeshwa pale, na kama zamu imeisha. Kufuli, yaani kuzuia prosesa mbili zisiguse kaunta kwa wakati mmoja, halitakusaidia, litafanya tu hesabu ya uongo iwe kamili.

Tena kila prosesa lazima ijiwekee taima yenyewe. Anwani 0xFEE00000 ni moja, lakini kila prosesa ikisoma hapo inaona rejista (visanduku vidogo vya mipangilio) za APIC yake. (Mimi hapo nilipoteza wikendi mbili.) Kasi ya taima hiyo ipime kwa PIT, taima ya zamani ya kompyuta ambayo kasi yake inajulikana: mara 1,193,182 kwa sekunde. Na kabla ya kutoka kwenye kikatizi andika sifuri kwenye rejista ya APIC iliyo hatua 0xB0 kutoka anwani ile, kuiambia umemaliza, la sivyo utapata mdundo mmoja halafu kimya.