Paka kang'olewa magego: siku zile za mwanzo

Paka wangu Kivuli aling'olewa magego manne akiwa na miaka tisa. Dalili zilikuwepo, mimi ndiye sikuzisoma: alitafunia upande mmoja, punje zikamdondoka kando ya bakuli, nikasema anadeka tu. Picha ya eksirei ilionyesha mizizi imelika chini ya ufizi. Paka mzima ana meno 30, na maradhi haya ya jino kumomonyoka huwapata wengi, hata wa wenye kuwatunza vizuri. Kwa hiyo usijilaumu. (Mimi nilijilaumu wiki nzima.)

Usiku wa kwanza unatisha. Nusukaputi haimtoki mara moja. Alipepesuka kama mlevi, mboni zimemtanuka, udenda wenye wekundu ukimchuruzika kidevuni. Udenda wa namna hiyo siku ya kwanza ni wa kawaida. Damu mbichi isiyokatika siyo, mpigie daktari usiku huohuo. Nilimtandikia blanketi sakafuni, maana paka mwenye nusukaputi mwilini bado anajiona anaweza kuruka hadi juu ya kabati. Kama una paka mwingine, watenganishe kwanza. Anayerudi ananuka hospitali, na mwenzake anaweza kumvimbia kama mgeni.

Dawa ya maumivu aliyopewa, mpe mpaka iishe, hata akionekana hana neno. Paka ni hodari wa kuficha maumivu. Na usimpe ya kwako: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua.

Lakini kilichonikosesha usingizi hasa ni chakula. Siku ya kwanza alinusa akaondoka. Siku ya pili aliinamia sahani, akalamba mara mbili, akarudi nyuma. Nikajiambia atakula akisikia njaa. Hapo nilikosea. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulizidi nguvu, na akishafika huko kumrudisha ni kazi. Siku hizi nasema hivi: saa 24 zikipita hajatia kitu mdomoni, piga simu, usione haya. Mimi nilipopiga, daktari aliniambia nimrudishe, akampa dawa ya kichefuchefu, na jioni ile akala.

Kilichosaidia pia ni kupasha chakula laini kikawa vuguvugu tu, harufu ikapanda, nikakitandaza kwenye sahani bapa asilazimike kutumbukiza uso. Kidogokidogo, mara nyingi. Chakula kikavu kilisubiri wiki mbili, mpaka daktari alipokagua ufizi na kuridhika.

Usimfunue mdomo kuchungulia. Najua hamu hiyo. Siku ya tano niliona ncha ya uzi ikichomoza alipopiga mwayo, vidole vikaniwasha niuvute. Nyuzi zake zilikuwa za kuyeyuka zenyewe, na ningeuvuta ningefumua kidonda.

Sikujua nitazame nini kujua amepona, kwa kuwa kula alikula mapema. Jibu lilikuwa kwenye manyoya. Tangu kabla ya kung'olewa alikuwa ameacha kujilamba, mgongo umemkakamaa kama brashi kuukuu, nami nilidhani ni uzee. Siku ya tisa asubuhi nilimkuta kwenye jua la dirishani, mguu mmoja kauinua juu, anajilamba kuanzia paja hadi vidoleni, bila haraka. Nilipomwita hakugeuka.