Kabla Hujauliza Bei ya Klachi, Shusha Gia Boksi

Klachi ya lori langu dogo, Canter, ilianza kuteleza tukipanda mlima wa Kitonga na mbolea ya wakulima wa Ilula. Injini inanguruma, gari haliendi, harufu ya kuungua imejaa ndani. Tulifika juu kwa kudra za Mungu. Jioni ileile, fundi hajafungua hata nati moja, nikampigia muuza spea wa Dar: "Klachi ya Canter 4D33 bei gani?" Akanitajia, nikatuma pesa, kesho yake mzigo ukaja na basi. Gia boksi iliposhushwa, pleti ya klachi ya zamani ikapimwa kipenyo: milimita 300. Iliyoletwa, 325. Gari likalala siku nne huku nyanya za watu zinaiva shambani.

Nilimlaumu sana yule muuzaji. Lakini nilikuwa nimempa nini? Jina la gari na injini, basi. Canter zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana klachi, na nyingi za huku zimeshabadilishwa injini au gia boksi kabla hujazinunua. Hata kadi ya gari haikuambii yote.

Kwa hiyo shusha kwanza, pima, ndipo uulize. Pima kipenyo cha pleti. Hesabu meno ya katikati, pale inapoingia shafti ya gia boksi. Piga picha pande zote mbili, rula ikiwa juu yake. Namba yoyote iliyogongwa kwenye presha pleti (ile inayoibana pleti) au beringi isugue kwa brashi ya waya, uiandike herufi kwa herufi. Ongeza namba ya chesisi, kisha tuma ujumbe huohuo kwa maduka matatu bila kubadilisha neno. Ukiuliza tofauti kila duka, bei hazitalinganishika.

Krosi za propela, yaani viungo vya ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ndizo zinazowaponza wengi. Pima upana wa kikombe kilicho kwenye ncha ya krosi, na urefu kutoka ukingo wa kikombe hadi wa kile cha ng'ambo, uangalie pia klipu zinakaa ndani au nje. Milimita moja tu ikizidi, haiingii. (Na kabla ya kufungua propela, weka alama ya rangi kwenye maungio, ukiirudisha vingine, gari litatetemeka na utadhani umeuziwa krosi mbovu.)

Profoma, yaani orodha ya bei unayopewa kabla ya kulipa, nayo iwe ya maandishi, kila kitu na mstari wake: pleti, presha pleti, beringi ya klachi. Niliwahi kufurahia bei ya chini, kumbe beringi haimo. Beringi usiiache ili kubana pesa, maana ikilia baada ya miezi miwili utalipa tena kazi ya kushusha gia boksi. Neno "orijino" pekee usilikubali; liandikwe jina la chapa, na utumiwe picha ya kifaa chenyewe, siyo boksi tu. Uliza kama VAT imo, mzigo upo dukani au unaagizwa, na usipoingia unarudishwa kwa gharama ya nani.

Mara ya mwisho nilipata profoma tatu. Sikuchukua ya bei ya chini. Nilichukua ya yule kijana ambaye, kabla ya kunitajia bei, aliniuliza: "Mzee, hii picha ya meno imekatika pembeni, nihesabie tena ni mangapi?"