Esei zenye lidi, habari zenye machweo

Semista haijafika nusu, na tayari esei za fasihi zinaingia zikiwa na lidi ya gazeti (ile sentensi ya kwanza ya habari), huku habari za mazoezi zikifunguliwa kwa machweo ya Forodhani, hapa Zanzibar, na upepo wa kusi. Kila mwaka ni hayo hayo. Sura mpya, makosa yale yale ya kaka na dada zenu, na baadhi yao mpaka leo wanahangaika na kerio, masomo waliyofeli na kuyabeba. Basi wadogo zangu, kabla hamjaanza kusema lekchara fulani anabana maksi, someni haya.

Anayesoma Fasihi ya Kiingereza pamoja na Uandishi wa Habari anashughulika na kitu kimoja, maneno ya watu, chini ya kanuni mbili zinazopingana. Kwenye fasihi huruhusiwi kugusa hata mkato wa mwandishi, lakini maana unaweza kuidai upendavyo mradi uoneshe ushahidi ukurasani. Kwenye habari unaruhusiwa kukata na kupanga upya, lakini maana ambayo msemaji hakuitoa huna haki nayo. Karibu kila kosa ninaloliona linatoka kwa mtu aliyekaa dawati hili na kichwa amekiacha dawati lile.

1. Usimsimulie lekchara riwaya aliyoipanga yeye mwenyewe. Ameisoma. Esei ya maneno 1,500 yenye maneno 900 ya "kisha Yusuf akaenda" imebakiwa na maneno 600 ya kupewa maksi. Chukueni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, ambayo wengi wenu mtaikuta na wengi mtadhani mnaijua kwa kuwa mwandishi ni mtu wa kwetu. Yusuf anachukuliwa kwao na Aziz, anayemwita mjomba. Aziz si mjomba wake. Ni tajiri anayemdai baba yake, na mtoto amekwenda kama rehani ya deni. Hapo wengi huishia, wakaandika aya nzima kuhusu ukatili wa biashara. Rudini ukurasani mtazame nani anayemwita hivyo. Si Yusuf peke yake, hata msimulizi mwanzoni anatumia jina hilo hilo, maana yake tunapewa kile tu anachokijua mtoto. Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, ndiye anayemkatalia, anamwambia amwite seyyid, yaani bwana. Sasa una hoja: riwaya inatuingiza kwenye udanganyifu ule ule uliompata Yusuf, kisha inatutoa polepole. Hoja hiyo inabebwa na kurasa chache tu, huhitaji kupita kitabu kizima.

Matukio ya ndani ya riwaya yaandike kwa wakati uliopo: Yusuf anaondoka. Habari huandikwa kwa wakati uliopita: Waziri alisema. Mkichanganya, msahihishaji anajua mlikuwa dawati gani jana usiku.

Kuhusu kusoma kwenyewe: kurasa 20 kwa siku, na riwaya ya kurasa 250 inakwisha ndani ya wiki mbili. Mara ya pili soma na penseli, andika namba ya ukurasa pembeni ya kila unachokinukuu. Desa (notisi za kurithiana) la mwaka jana na mihtasari ya intaneti lekchara anaijua kuliko ninyi, hata makosa yake anayajua.

2. Waliotoka skuli wakiwa mahodari wa ushairi wa Kiswahili ndio wanaoanguka kwenye ushairi wa Kiingereza, na inauma kuwaona. Wamezoea mshororo wa mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), vina vimekaa mahali pake. Wakipewa soneti ya Shakespeare, yenye mistari 14, wanahesabu silabi, wanapata kumi, wanaandika "mshairi amezingatia mizani" na kuweka nukta. Silabi kumi hazijasema kitu. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo masikio yetu hayajazoea kuutafuta. Kwa Kiingereza mkazo unahama kutoka neno hadi neno, na shairi linajengwa juu ya mapigo: mapigo matano kwa mstari, dhaifu likitangulia zito. Gongeni meza mkisoma kwa sauti. Mkiwa na shaka na neno, kamusi ina alama ya mkazo. Mahali ambapo pigo limevunjika, mstari ukaanza na silabi nzito badala ya dhaifu, ndipo pa kuandikia, kwa sababu mshairi amefanya hivyo kwa makusudi na wewe una kazi ya kusema kwa nini.

Kwenye tamthilia taja tendo, onesho na mstari. Namba ya ukurasa haimsaidii mtu, kwani kila toleo lina kurasa zake.

3. Marejeo. Kuna mitindo miwili ya kuyaandika: fasihi mara nyingi wanataka MLA, habari wanataka APA, na asaimenti zote mbili zinadaiwa wiki moja. MLA ni jina la mwandishi na ukurasa. APA ni jina na mwaka, na ukurasa unapoongezeka ni kwa sababu umenukuu neno kwa neno. Kwa MLA, nukuu ya nathari inayozidi mistari minne, au ya shairi inayozidi mistari mitatu, inasogezwa ndani bila alama za kunukuu. Kwa APA inasogezwa ikifika maneno 40. Andikeni haya kwenye karatasi mbili, mbandike ukutani, na msilizungumze tena.

4. Nukuu za watu walio hai. Mfano tuuchukue Jambiani au Paje, kwa kina mama wa mwani. Bi mkubwa, yumo majini tangu maji yalipokupwa, anafunga mbegu kwenye kamba, anamjibu mwanafunzi bila kuinua kichwa: "Bei ndo hiyo, tufanyeje, tunachukua tu." Mwanafunzi anarudi mjini, anaandika kwa Kiingereza, na ndani ya alama za kunukuu yule mama sasa anazungumza kama mhusika wa riwaya: bei inawala mikono yao, bahari imewasahau. Kiingereza kizuri sana. Mama hakusema hivyo. Alisema hana la kufanya na anachukua, basi, na ule ufupi wake ndio uliokuwa habari.

Fanyeni hivi. Daftarini andika Kiswahili chake kama kilivyotoka, na "ndo" yake. Gawa ukurasa mara mbili, kushoto maneno yake, kulia tafsiri, na tafsiri ijazwe ukiwa umekaa kitako, si ukiwa umesimama ndani ya maji. Sentensi usiyoweza kuitafsiri bila kuipamba, iondoe kwenye alama za kunukuu uiripoti kwa maneno yako. Kabla hujaondoka, msomee alichosema. Na ukifika kijijini anza kwa sheha, kiongozi wa shehia (mtaa au kijiji), si kwa sababu ya ruhusa tu, bali yeye ndiye anayejua mwezi huu bamvua, siku maji yanapokupwa sana, limeangukia siku gani. Ukienda maji mafu, yasipokupwa vya kutosha, hutamkuta mtu shambani, utarudi na picha za vigingi.

Kitenzi cha kunukulia kiwe "alisema". "Alidai" kinamtilia shaka, "alikiri" kinamtia hatiani. Mkitoka kwenye esei mna tamaa ya kubadilisha vitenzi ili visijirudie. Viacheni vijirudie.

5. Hili la tano ndilo lililonifanya niandike, na nitakaa hapa.

Wiki za mwanzo za fildi, yaani mazoezi ya kazi, mtapelekwa mahkamani, kwa sababu stori hazikosekani huko, na mtakutana na kesi za udhalilishaji wa watoto. Kila mwanafunzi anajua kwamba jina la mtoto halitajwi. Anaitii kanuni hiyo, kisha anaandika, tuseme, hivi: mtoto wa kike wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano, anayelelewa na bibi yake muuza mandazi katika shehia fulani (nayo ameitaja), alikuwa akirudi kutoka chuo cha Kurani baada ya magharibi. Anaridhika. Jina hakulitaja, na aya ina uhai.

Fasihi imemponza. Kwenye riwaya vitu vidogo vya kuonekana kwa macho ndivyo vinavyomsimamisha mhusika mbele ya msomaji, na nusu ya semista tumewafundisha kuvitafuta. Kwenye habari ya aina hii, kumsimamisha mbele ya msomaji ndilo kosa lenyewe. Shehia moja ina bibi wangapi wanaouza mandazi na kulea mjukuu wa kike wa darasa la tano? Kabla ya ishaa mtaa umeshajua. Gazeti litaishia kufungia hayo hayo mandazi, lakini mtoto ataishi na ile aya skuli, chuoni, na siku watu watakapokuja kumposa. Na visiwa vyetu ni vidogo. Hapa hakuna mji mkubwa wa kumficha mtu.

Kwa hiyo, vitu vya kuondoa: skuli, darasa, chuo, shehia, kazi ya mzazi au mlezi, idadi ya ndugu, maradhi au ulemavu, na mahali kosa linapodaiwa kutendeka ikiwa ni nyumba au duka linalojulikana. Vya kubakisha: wilaya (Pemba ina wilaya nne, inatosha kusema Micheweni au Mkoani), kwamba ni mtoto wa chini ya miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inautumia, shitaka na kifungu chake, jina la hakimu, kesi imefika hatua gani na inarudi lini. Namba ya kesi ibaki daftarini, wewe utaihitaji, msomaji haihitaji.

Halafu kuna mtego wa pili, na huu unawakamata hata waliofanya yote hayo. Mshtakiwa anapokuwa jamaa. Gazeti moja linataja jina lake bila kusema ana uhusiano gani na mtoto. Redio inasema ni baba wa kambo, haitaji jina. Kila mmoja peke yake amefuata maadili. Msikilizaji aliyesoma gazeti anaunganisha vipande viwili, na mtoto ameshatajwa. Utaratibu wa kawaida ni kutaja jina la mshtakiwa na kuandika tu kwamba shitaka linamhusu mtoto, uhusiano usiguswe kabisa. Waulizeni waandishi wenzenu mlio nao pale mahkamani wanaandika vipi, kabla ya kuondoka. Kama wameshakwenda hewani na uhusiano, jina nalo liondoke kwako.

Picha: kuuficha uso hakutoshi kama sare ya skuli inaonekana, au mlango wa nyumba, au mama yake amesimama nyuma na buibui lake ambalo mtaa mzima unalijua. Sauti: msiipotoe kwa programu mkadhani mmemficha, mtu anajulikana kwa namna anavyovuta maneno. Mtu mwingine ayasome maneno yake, na msikilizaji aambiwe hivyo. Na msijaribu aya yenu kwa kumuuliza mwanafunzi mwenzenu anayetoka huko kama amemtambua mtoto, maana hapo mmeshamwambia. Jiulizeni tu sheha akisoma angemtaja nani.

Mpaka hukumu itoke ni mshtakiwa, na anadaiwa tu kutenda kosa. Andikeni tarehe ya kesi kurudi, mrudi. Habari iliyotangaza shitaka ikakaa kimya alipoachiwa huru imemdhulumu mtu, na iliyokaa kimya alipofungwa imemdhulumu mtoto.

6. Saa. "Saa tatu usiku" kwa Kiingereza ni tisa, hilo mnalijua na bado mnakosea dedilaini ikikaribia. Mnalolisahau ni usiku: mzee akikwambia tukio lilikuwa usiku wa Ijumaa, huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ya kwenye kalenda ya mhariri. Muulize, baada ya ishaa ya siku gani?

7. Vitabu vingi vya sheria za habari mtakavyokopeshana ni vya Bara, vinaanza na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Vyombo vya habari si jambo la Muungano. Kwa huku anzeni na Sheria Namba 5 ya 1988 ya magazeti na vitabu na Namba 7 ya 1997 ya utangazaji, na kabla ya kuandika kwenye mtihani muulize ni ipi inayotumika sasa na imerekebishwa wapi.

8. Lidi: sentensi moja, maneno 25 mpaka 35, machweo yasiwemo. Ya redio isome kwa sauti na saa mkononi, maana maneno ya Kiswahili ni marefu na hesabu za maneno kwa dakika za vitabu vya Kiingereza zitakuangusha.

9. Bahasha. Mtaitwa kwenye semina hotelini na mtapewa "nauli". Bumu, pesa za mkopo wa masomo, limechelewa, najua. Mwambieni mhariri kabla ya kuandika, si baada.

10. Daftari la fildi lisainiwe kila Ijumaa. Wapo wanaosubiri wiki ya mwisho wapate saini zote nane kwa mpigo, na wiki hiyo hiyo msimamizi yuko Pemba kikazi, simu haipatikani, na muhuri ameufungia kwenye droo.