Risiti za duka kwa simu, vile nafanya hapa Kondele (dada wa agrovet Njoro, hii ni yako)

Dada, umesema una agrovet, duka la dawa za mifugo na mbegu, huko Njoro, risiti za miaka miwili ziko kwa katoni chini ya kaunta, na mtu wako wa mahesabu amekuitisha pesa nyingine ya kuzipanga kabla hajaanza hata kazi yenyewe, sasa unauliza ununue skana gani na uweke programu gani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hiyo njia nimeipita, niko na hardware ndogo hapa Kondele, Kisumu, huu ni mwaka wa saba, na kitu cha kwanza ni kwamba skana usinunue. Hiyo pesa ongeza dawa za mifugo kwa shelfu. Simu uliyoandikia swali inatosha kabisa.

Wacha nikueleze vile nilijifunza. Zamani nilikuwa nadunga risiti kwa ule waya wa kusimama, kila duka hapa mtaani liko nao, ukijaa natoa zote nafunga na raba naweka juu ya shelfu karibu na mabati. Jua la Kisumu unalijua. Juni 2022 nikakaa chini na mtu wa mahesabu tufaili ritani ya mwaka wa 2021, tunafungua bandeli moja baada ya nyingine na zile risiti za mashine zimekuwa nyeupe pepepe, unaona tu jina la duka kwa mbali kama kivuli, bei hakuna, tarehe hakuna. Tulizihesabu, zilikuwa 31. Nilikuwa najua kichwani nimenunua mabati na rangi na misumari ya kitu kama 186,000, lakini yeye akaniambia ukweli wake, kile hakisomeki siwezi kuandika. Basi hiyo 186,000 ikahesabiwa kama faida yangu na nikailipia kodi, na pesa yenyewe ilishaenda kwa muuzaji kitambo. Iliniuma sana, mwaka huo nilikuwa na mtoto anaingia sekondari.

Mbaya zaidi, kulikuwa na risiti moja ya mashine ya kukata vyuma, ya garantii, nikasema hii siwezi kuipoteza, nikaipeleka saiba waifunike na plastiki. Ilitoka nyeusi tii. Ndio nikaja kuelewa kwamba hizo risiti hazina wino hata kidogo, karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, mashine inachoma tu maandishi, kwa hivyo ukiipitisha kwa joto yote inachomeka na ukiiacha kwa jua au ukiibandika selotepu au ukiiweka kwa mfuko wa plastiki na mafuta ya mikono, maandishi yanakufa polepole. Usijiambie Njoro kuna baridi. Hapo kwa kaunta yako kuna dawa na mafuta na vumbi ya chakula cha ng'ombe, na baridi haizuii hayo.

Sasa njia yenyewe. Sheria yangu ni moja, risiti haiingii mfukoni kabla haijapigwa picha. Nikiwa kwa muuzaji, nikiwa petroli, nikiwa nalipa fundi wa umeme, napiga hapo hapo nimesimama. Ukisema utapiga jioni, jioni kuna wateja, kuna watoto, kuna stima imepotea, na kesho ile suruali imeoshwa. Nimeona watu na programu za kulipia kila mwezi, nzuri sana, na bado hawana risiti kwa sababu hawakupiga picha siku ile, na nimeona mama mmoja wa nafaka pale soko la Kibuye na simu ya kawaida tu lakini ukimuuliza risiti ya mwezi wa tatu anakuonyesha kabla hujakaa.

Mimi natumia Google Drive kwa sababu ilikuwa kwa simu tayari na inakupa GB 15 bure, ingawa unagawana na barua pepe na picha zako. Ndani yake kuna mahali pa kuskani, inanyoosha karatasi na kuitoa ikiwa PDF, na faili ya risiti moja ni ndogo, GB 15 itakuchukua miaka. Nina folda ya mwaka, ndani folda ya kila mwezi, basi. Mwanzo nilijaribu folda za sementi, rangi, mabomba, usafiri, nikawa napoteza muda nikifikiria hii ya muuzaji aliyeniuzia vyote viwili iende wapi. Mwezi unatosha. Kazi kubwa iko kwa jina la faili, na hapa usiwe mvivu. Anza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, halafu kitu, halafu pesa, kama 2024-03-14 mabati 42500, ukianza hivyo zinajipanga zenyewe kwa tarehe na baadaye ukiandika tu mabati kwa pale pa kutafuta zinakuja zote. Ukiacha simu iipe jina lake mwenyewe utakuwa na faili mia mbili zinazofanana, hiyo sasa ni katoni ingine iko ndani ya simu.

WhatsApp usiifanye stoo. Najua wengi wanatuma kwa kikundi cha duka wanasema imeshahifadhiwa. Picha ya WhatsApp inapunguzwa ubora, namba ndogo ndogo za invoisi zinakuwa ukungu, na simu ikiibwa kama hukuwa na bakapu zimeenda. Kama kijana wako wa duka lazima akutumie kwa WhatsApp, mwambie atume kama dokumenti sio kama picha, halafu wewe uihamishe siku hiyo hiyo.

Jambo la pili, na hapa ndipo watu wengi wanaanguka hata baada ya kupanga picha vizuri. Picha ya risiti pekee yake haikusaidii kwa KRA, wale wakusanya kodi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 matumizi ya biashara, ukitoa machache yaliyosamehewa kama mishahara na riba, hayakubaliki kupunguza kodi kama hayana invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, na hiyo invoisi iwe na pini ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, yako wewe mnunuzi. Kwa hivyo ile risiti ya kitabu, ya kuandikwa na mkono na kupigwa muhuri, hata ukiiskani iwe maridadi namna gani, kwa kodi bado ni karatasi tu. Nilichofanya ni kuandika hiyo pini yangu ya KRA kwa kikaratasi nikabandika nyuma ya simu, nikifika kwa kaunta naitoa kabla sijalipa, kwa sababu ukishalipa muuzaji hana haraka na wewe tena. Akinipa invoisi naelekeza kamera kwa ile alama ya miraba ya QR nione inafunguka, nikishaona jina lake na kiasi ndio naondoka. Kwa mtu mdogo anayeniuzia mchanga au kokoto na hana hayo mambo, tangu mwisho wa 2024 sheria inaruhusu mimi mnunuzi kumtolea invoisi kwa niaba yake akikubali, kama mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 5. Na kama wewe mwenyewe unaogopa kompyuta, eTIMS ya kutoa invoisi iko hata kwa *222#.

Hapa utaniuliza, na kama niko kwa TOT, ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, je? Ni kweli, kama mauzo yako ya mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25 na uko kwa TOT, unalipa asilimia 3 ya mauzo yote na matumizi hayapunguzi kitu, na nimesikia watu wakisema kwa hiyo risiti za nini. Mimi risiti ndizo zilinionyesha TOT inanimaliza. Sikiza hesabu, sementi nanunua 720 nauza 750, nabaki na 30. Asilimia 3 ya 750 ni 22.50. Kwa mfuko mmoja nimebaki na shilingi 7 na senti 50, na hapo sijalipa rent ya duka, sijalipa mkokoteni, sijalipa kijana. Sikuwa nimewahi kuiona hivyo hadi miezi sita ya risiti ilipokuwa kwa mstari mmoja na mauzo. Sheria inakuruhusu kuandikia KRA uondoke TOT uhesabiwe kwa faida kama kawaida, nikaandika, lakini hiyo njia ni ya mtu ambaye risiti zake ziko sawa, bila hizo unatoka kwa moto unaingia kwa makaa. Wewe na agrovet, faida ya mbegu na mbolea pia ni nyembamba, piga hesabu yako kwanza na vitu vyako vitano vinavyotoka sana. Na mauzo ya mwaka ya vitu vinavyotozwa VAT yakifika milioni 5, hiyo VAT inakungoja, huko una miezi sita tu ya kudai ile uliyolipa kwa manunuzi, risiti iliyojificha kwa katoni miezi saba imekufa.

Tatu ni M-Pesa. Karibu kila kitu nalipa kwa simu, kwa hivyo kwa kila mstari wa Excel yangu, jedwali ambalo naandikia manunuzi, kuna tarehe, muuzaji, pini yake, namba ya invoisi, kiasi, VAT, halafu mwisho ile namba ya muamala wa M-Pesa yenye herufi na tarakimu kumi. Hiyo namba ni ya maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku. Ikianza na S ni 2024, T ni 2025. Kwa mwezi A ni Januari, B Februari, hivyo hivyo. Siku inaenda 1 hadi 9 halafu A inakuwa tarehe 10. Kwa hivyo SC9 ni tarehe 9 Machi 2024. Imeniokoa mara nyingi, nina risiti imefifia tarehe lakini nilikuwa nimeandika namba ya M-Pesa kwa kalamu pembeni, najua siku yake bila kutafuta. Stetimenti naiitisha kila mwanzo wa mwezi, naiweka kwa folda ya mwezi uliopita pamoja na ya tili, halafu kabla ya tarehe 10 napitia mstari kwa mstari, hii pesa ilitoka iko wapi risiti yake. Nimechagua 10 kwa sababu TOT na VAT zote mwisho ni tarehe 20, nikikosa kitu bado nina siku kumi za kumpigia muuzaji simu. Na tafadhali, ununuzi wa duka usilipe na laini ile unatumia kutuma pesa kwa mama nyumbani na kununua mboga, nilikaa mwaka mzima nikitenganisha hizo na macho yanauma.

Kwa vitu ambavyo havina risiti kabisa, mkokoteni, kijana wa kushusha mzigo, chai ya mafundi, nina kidaftari, nimeandika tarehe, kazi, kiasi, jina na sahihi yake, Jumamosi napiga picha kurasa za wiki. KRA haitanipunguzia kwa hayo lakini mimi nataka kujua pesa yangu ilienda wapi.

Karatasi usitupe. Sheria inataka rekodi za miaka mitano, na mimi bado naweka bahasha ya kaki moja kwa mwezi, ndani ya sanduku la mbao chini kabisa, mbali na mabati. Hakuna kupanga ndani ya bahasha, simu ndiyo imepanga.

Halafu delivari, ile karatasi inayokuja na mzigo. Nilikuwa sijui umuhimu wake hadi mwaka jana, muuzaji mmoja wa jumla alinileta katoni 8 za misumari na invoisi inasema 10, kijana wangu akahesabu, akaandika 8 kwa ile karatasi ya delivari, dereva akaweka sahihi, kijana akapiga picha akiwa bado ameshika karatasi mkononi. Wiki tatu baadaye ofisi yao inanidai ya katoni 10 na wamesisitiza, wanasema kopi yao inaonyesha 10. Niliwatumia ile picha, ina sahihi ya dereva wao na namba ya gari nyuma yake. Walirekebisha invoisi siku hiyo. Tangu hapo kila mzigo una picha mbili kwa folda, invoisi na delivari, jina moja, moja nimeongeza herufi D mwisho.

Sasa katoni yako. Usianze nayo, itakukatisha tamaa. Anza na risiti ya kesho asubuhi, fanya hivyo mwezi mzima mpaka mkono uzoee. Hiyo ya zamani, jioni moja toa tu zile laini za mashine, zile zinateleza kwa vidole, piga hizo kwanza kwa sababu ndizo zinakufa, za kalamu na za kompyuta zitangoja. Mimi ya 2022 ilinichukua Jumapili nne na binti yangu akinisomea tarehe mimi naandika majina. Ukifika kwa ile imefifia nusu, ipige karibu na dirisha bila flashi halafu ongeza giza kwa picha, mara nyingi namba zinarudi. Na kama muuzaji bado yuko, mpigie umuombe kopi sasa, kabla ya Juni, kwa sababu mwezi wa sita kila mtu anampigia.