Picha ya mchumba wangu ni ya kutengenezwa: je, nimuapishe?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa hapa Mombasa. Nimeposa, posa ikakubaliwa, na nikaha tumeipanga baada ya Ramadhani. Mwezi uliopita mchumba wangu alikwenda kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, kwa binti ya mamake mdogo. Simu zilikatazwa mlangoni, lakini kuna aliyeingia nayo kwa siri akampiga picha. Picha hiyo ikatiwa kwenye programu ya akili unde, akavuliwa nguo zote, kisha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la vijana tuliosoma pamoja. Mimi naamini ni ya kutengenezwa. Nilimtumia kaka yangu anitazamie, naye akamuonyesha mama. Sasa mama asema nimwache, watu washaongea. Rafiki yangu aliyesoma dini aniambia picha ile haina hukumu ya uchi kwa sababu si mwili wake wa kweli, na kwamba wanavyuoni walisema ni kama kivuli cha kwenye kioo. Lakini pia aniambia nimuapishe msichana kwa mus-haf kuwa hajawahi kujipiga picha kama hizo, ili moyo wangu utulie. Je, nina haki ya kumuapisha? Na nikimwacha nitakuwa na dhambi?

JAWABU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, nilitaka kukujibu faragha. Lakini hii hoja ya kioo si wewe wa kwanza kuniletea. Naisikia kwa vijana wengine, wanapokezana kama fatwa huku simu zao zimejaa wake za watu na mabinti za watu. Ndipo nikaona jawabu itoke waziwazi, bila kutaja jina wala mtaa.

Simkadhibishi rafiki yako kwamba maneno hayo yapo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami aliyefariki mwaka 974 Hijria, walipozungumzia kumtazama mwanamke asiyekuwa maharimu walitaja kwamba mfano wake unaoonekana kwenye kioo hauna hukumu ya mwili wenyewe. Lakini rafiki yako alipofika hapo alifunga kitabu. Maneno yanayofuata ni kwamba hilo ni pale ambapo hakuna khofu ya fitna wala matamanio. Nieleze basi: picha iliyotengenezwa kusudi ili mwanamke aonekane uchi, ikarushwa kwa kundi la vijana wa kiume, imetengenezwa kwa ajili ya nini kama si hayo mawili? Sharti limevunjika kabla picha haijafunguka. Mwenye kunukuu ruhusa na kuacha sharti yake hakunukuu wanavyuoni, amejinukuu mwenyewe.

Kisha tazama kioo chenyewe. Kioo huonyesha kilichopo mbele yake, na mtu akiondoka na sura yake huondoka naye. Hakiwezi kubebwa mfukoni hadi Likoni na kufunguliwa tena usiku. Na hizi programu hazioni chini ya nguo. Zimelishwa picha nyingi mno za miili ya watu, na ukizipa picha ya mwanamke aliyevaa zinakisia: zinaunganisha uso wake na mwili wa kubuni uliotokana na miili ya watu wengine asiowajua. Kwa hiyo kile ulichokiona si kivuli cha mchumba wako. Ni kitu ambacho hakijapata kuwepo, kimebandikwa uso wake.

Na hapa ndipo rafiki yako alipoteleza kabisa. Yeye ameuchukua uongo wa picha akaufanya kuwa udhuru. Mtume (s.a.w.) aliwauliza masahaba, mnajua kusengenya ni nini? Akawaeleza kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia. Wakamuuliza, na kama hilo ninalolisema analo kweli? Akasema, kama analo umemsengenya, na kama hana umemzulia. Hadithi hii ameipokea Muslim. Angalia mpangilio wake: ukweli ni dhambi, na uongo ni dhambi iliyo juu yake. Lau picha ile ingekuwa ya kweli, aliyeirusha angekuwa amefichua sitara ya Muislamu, na hilo peke yake lamtosha kuangamia. Kwa kuwa ni ya uongo, ameongeza uzushi juu yake. Asiseme mtu "ni feki tu". Hilo neno "tu" ndilo linalonitia uchungu, kwa sababu msichana aliyelala siku kadhaa hataki kutoka chumbani hakulala kwa ajili ya kitu cha "tu".

Sitavuka mpaka upande wa pili pia. Wengine wameniuliza kama mtengenezaji anastahiki adhabu ya kadhf, mijeledi themanini iliyotajwa katika Suratun Nur. Kadhf ni kumtuhumu mtu zina kwa tamko, na picha si tamko, kwa hiyo hukumu yake ni taaziri, adhabu iliyo mikononi mwa mwenye mamlaka. Ama aliyeandika chini ya picha tuhuma ya zina wazi wazi, huyo ameingia mwenyewe kwenye mlango wa aya ile, na ajue kwamba ushahidi wake umekataliwa mpaka atubu.

Na msambazaji asijione yuko kando. Mwenyezi Mungu aliposimulia kisa cha Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, kuzuliwa zina, amesema watu walikuwa wakilipokea neno lile kwa ndimi zao, na wakilidhania jepesi, ilhali mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Neno hupokewa kwa masikio, lakini wale lilitua moja kwa moja kwenye ndimi, halikupita kwenye akili. Leo latua kwenye kidole gumba. Hata hao wenye WhatsApp, kampuni ya biashara isiyodai utume wala uwalii, mwaka 2020 waliona madhara ya kurusha-rusha wakaweka kizuizi, kwamba ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi uende kwa mazungumzo mamoja tu kwa kila mkupuo. Na mwezi wa Januari 2026 Indonesia na Malaysia, nchi zenye Waislamu kama sisi na wa madhehebu yetu haya haya ya Shafi, ziliifunga kwa muda programu ya akili unde iitwayo Grok kwa sababu ya kuwavua watu nguo namna hii. Wao wameona ni jambo la kusimamisha. Sisi vijana wetu wanatafuta fatwa ya kioo.

Wapo pia wanaosema, na nimeyasikia kwa masikio yangu barazani: kwani alivua buibui kwa nini? Alivua kwa sababu alikuwa kwenye kupamba, mwanamke kati ya wanawake. Katika madhehebu yetu uchi wa mwanamke Muislamu mbele ya wanawake wenzake Waislamu ni baina ya kitovu na magoti, na yeye alikuwa amevaa gauni la harusi. Mama zetu wameimba na kucheza kwenye vikao hivi miaka na miaka, wametia asumini na kikuba, na hapana mwanamume aliyejua nani alivaa nini, kwa sababu mlango ulikuwa ni amana. Amana imevunjwa na aliyeficha simu kwenye mkoba. Ajabu ni kwamba huyo hatajwi! Mji mzima wamjadili aliyeibiwa, na mwizi yuko kwake anakunywa chai.

Sasa kiapo. Kanuni ya sharia ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana, na hayo huwa mbele ya kadhi, baada ya dai kusimamishwa. Hapa nani amedai? Hakuna hata mtu mmoja aliyesimama akasema, mimi nimemuona binti huyu akifanya kadhaa. Wewe mwenyewe waandika kwamba unaamini picha ni ya kutengenezwa. Basi wamuapisha kwa dai gani? Na kiapo unachokitaka hata si cha picha hii. Wataka aape kwamba "hajawahi". Huko ni kuchimba yaliyopita ya mtu, na Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana katika Suratul Hujurat. Sikudhanii ubaya kwa kutaka moyo utulie. Lakini utulivu wako hauwezi kununuliwa kwa kumdhalilisha aliyedhalilishwa tayari. Fikiria atakavyokumbuka miaka kumi ijayo: siku mji uliponizulia, mume wangu aliniletea mus-haf.

Bibi Zainab bint Jahsh alikuwa mke mwenza wa Bibi Aisha, na Bibi Aisha mwenyewe alisema kwamba ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo mbele ya Mtume (s.a.w.). Katika kisa kile cha uzushi, alipoulizwa na Mtume anajua nini juu ya Bibi Aisha, mlango ulikuwa wazi kwake kusema neno moja la shaka likatosha. Akasema: nayalinda masikio yangu na macho yangu, wallahi sijui kwake ila kheri. Hicho ndicho kiapo kilichotakiwa, na aliyeapa ni mwenye kuulizwa, si mwenye kuzuliwa. Nawe ukiulizwa na kundi lako la WhatsApp, hilo ndilo jibu lako.

Ama kumwacha. Posa ni ahadi, si akdi ya ndoa yenyewe, na mtu akiwa na udhuru wa haki aweza kurudi nyuma. Lakini picha ya uongo si udhuru. Na kuondoka kwako wakati huu hakutasomwa na watu kama kuondoka tu. Watasema, hata mchumba wake amethibitisha. Wewe ndiye utakayeipigia muhuri. Kwa hiyo ukiniuliza kama una dhambi ukimwacha kwa sababu hii, jawabu yangu ni ndiyo, naikhofia kwako, kwa sababu umeusaidia uzushi usimame.

Najua uzito wa mama. Usimjibu kwa sauti ya juu, wala usimsomee jawabu hii kama mtu anayesoma hukumu mahakamani. Utiifu kwa mzazi haufiki kwenye kumdhulumu mtu, lakini heshima yake haiondoki hata pale usipomtii. Nadhani mama hamchukii msichana, anaogopa midomo. Kaa chini karibu naye umuulize taratibu: mama, ulipokuwa msichana ukienda kwenye kupamba, lau kungekuwa na simu kwenye mkoba wa mmoja wenu, mngesalimika wangapi? Muache afikiri. Usimharakishe.

Upande wa serikali, msiende kwa Kadhi kwa jambo la picha. Mahakama ya Kadhi kwa Katiba yetu inahusika na ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu, haina mkono kwa uhalifu wa simu. Nendeni polisi, na aende yeye na babake au ndugu yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mitandao, kifungu cha 37, inamtia hatiani anayesambaza picha za faragha au chafu za mtu mwingine, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Muweke kumbukumbu ya nambari iliyorusha, tarehe, saa na jina la kundi. Kuna pia mtandao wa StopNCII ambao msichana aliyetimiza miaka 18 aweza kuutumia mwenyewe: picha haitoki kwenye simu yake, hutolewa alama yake tu, na mitandao iliyojiunga hutumia alama hiyo kuizuia isipakiwe. Hautamaliza kila kitu, lakini utapunguza. Na kwenda polisi si kukosa subira. Bibi Aisha alisubiri subira njema, na wazushi pia waliadhibiwa.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia kwa sababu nakupenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Katika maneno yako umeandika, kama jambo dogo la kupitia, kwamba ulimtumia kaka yako akutazamie. Mwanangu, wewe bado si mume. Uliifungua, ukaitazama, ukaiweka, kisha ukamrushia mwanamume mwingine aitazame, naye akampelekea mama. Katika mlolongo wa picha ile mna jina lako. Nakuamini kwamba ulikuwa umebabaika na hukukusudia ubaya, lakini ni haki ya mja, yaani ya mwanadamu mwenzako, na haki ya mja haifutwi kwa istighfar, kumuomba Mungu msamaha, peke yake. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema, mwenye kumdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote, amtake halali leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu, ambapo mema yake yatachukuliwa alipwe mwenzake.

Ulikuja kuuliza kama umuapishe, na kumbe mwenye deni ni wewe. Ifute picha leo, na umsimamie kaka yako aifute mbele yako. Kisha nenda kwa wazee wa msichana, mbele ya babake, umwambie msichana mwenyewe ulilolifanya na umuombe msamaha, kabla ya nikaha, si baada yake. Huenda akakasirika. Ana haki ya kukasirika, na ana haki hata ya kusema posa imekwisha. Ukikubali hilo moyoni kabla hujabisha hodi, utajua umekwenda kuomba kweli.

Kisha mlete mama. Mimi huwa msikitini baina ya Magharibi na Isha. Akiona uzito kuja huko, mke wangu atampokea nyumbani wazungumze wenyewe kina mama.

Wallahu aalam.