Mama hataki kuhama Majengo

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mama ana miaka 78, anaishi na mjukuu kwenye nyumba ya zamani ya marehemu baba, Majengo, Moshi. Magoti yanamsumbua. Choo cha kuchuchumaa kiko uani, na barazani kuna ngazi tatu ndefu, jumla sentimita 60. Kaka anataka baraza livunjwe tujenge fremu za duka, kodi imlipe dada wa kazi. Au tumhamishie Dar?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dar iacheni kwanza, huko atamjua nani?

Nyumba hizo nimezikarabati sana: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani. Balaa lake ni saa nane usiku, kati ya kitanda na choo, kwa hiyo anzia hapo. Swichi ya taa ya uani iwe ndani ya ukumbi. Vigae vya kung'aa bafuni ukatae. Zege lililokwaruzwa kwa ufagio kabla halijakauka hushika mguu hata likilowa. Juu ya tundu la choo hichohicho, fundi wa kuchomelea aweke kiti cha chuma chenye uwazi. Pembeni bomba la kushikia, la inchi moja. Likiwa nene mno, kiganja cha mzee hakilizunguki. Urefu wasikisie: mama akae, anyanyuke, fundi apige alama pale mkono unapotafuta pa kushika. Ukuta ukiwa wa udongo, bomba lisimamishwe kwa nguzo za sakafuni.

Ngazi za mbele, utaambiwa ujenge mteremko. Mteremko salama hutaka sentimita 12 za urefu kwa kila 1 ya kupanda, yaani zaidi ya mita 7. Utaishia kwa jirani! Jenga ngazi nne pana za sentimita 15, na vishikio pande zote mbili.

Mtaro wa barabarani ufunikwe kwa vipande vya zege vinavyoweza kuinuliwa, masika yakija usafishwe. Usianze kabla ya kupita kwa mwenyekiti wa mtaa, naye awaunganishe na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Fremu, hapana. Mama asipoonekana barazani asubuhi, jirani atabisha hodi. Akiwa nyuma ya maduka ya watu, nani atajua? Kaka yako akitaka kodi, apangishe chumba kimoja cha mbele, kwa mpangaji anayelala nyumbani.