Ukienda Doha kutazama pikipiki, usiende kwa ajili ya Jumapili tu

Kwa sisi wa Dar, mbio za MotoGP, yaani mashindano makubwa ya dunia ya pikipiki, zilizo rahisi kufikia ni za Qatar. Ndege inatoka Terminali 3 moja kwa moja hadi Doha, mwendo wa saa sita hivi, na ukishuka huna haja ya kugusa saa yako, maana saa za kule na za hapa ni zile zile. Mimi nilienda Machi 2024, kwa hela ya mchezo wa upatu baada ya zamu yangu kufika. Nilifikia kwa mtoto wa mama mdogo anayefanya kazi ya ulinzi huko. Kama huna ndugu Doha, tafuta chumba mapema, na mambo ya viza yamalize kabla hujalipa tiketi ya ndege.

Nusura ninunue tiketi ya Jumapili peke yake. Ndugu yangu akanicheka kwenye simu: "Kaka, unavuka bahari kwa ajili ya dakika arobaini?" Na kweli, mbio kubwa huwa za urefu huo tu.

Ijumaa ni mazoezi, lakini usidhani wanapasha misuli. Kumi wenye muda bora wanaingia moja kwa moja hatua ya mwisho ya kugombea nafasi za kuanzia. Waliobaki wanagombea Jumamosi nafasi mbili tu za kuingia hatua hiyo. Kwa hiyo dakika za mwisho za Ijumaa kila mtu anakimbia kama anadaiwa. Majukwaa yana nafasi tele, unahama hama, unajifunza nani ni nani kwa namba na rangi. Jumamosi jioni kuna sprinti, mbio fupi zilizoanza mwaka 2023: nusu ya umbali, na mshindi anapata pointi 12 badala ya 25.

Kisha kuna hao wadogo wa Moto3, daraja la chini la mbio hizi, ambao watu wengi wanawapita wakitafuta chakula. Mimi nasema hao ndio utamu wenyewe. Pikipiki zao ni za cc 250, si mbali sana na bodaboda yetu kwa ukubwa wa injini, ingawa ufanano unaishia hapo. Njia iliyonyooka ya Lusail, uwanja wenyewe wa mbio, ina zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo wa nyuma anajificha mgongoni mwa mwenzake, anaacha upepo ukatwe na wa mbele, halafu anachomoka. Anayetoka kona ya mwisho akiongoza anaweza kufika kona ya kwanza akiwa wa nne. Wanakwenda kundi zima, kama daladala zinazogombea abiria Buguruni.

Sasa kiti. Nilikata jukwaa kuu nikijiona mjanja, mbele kabisa ya mstari wa kumalizia. Wale wa cc 1000 wanapita hapo kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Unasikia mlio, unageuza shingo, hayupo. Kama ni jukwaa kuu, chukua upande ulio karibu na kona ya kwanza. Hapo unamwona mtu ameinuka kifua, breki zimeshika, gurudumu la nyuma linaelea hewani, na wawili wanataka kuingia palipo na nafasi ya mmoja. Raha ipo kwenye breki. Mwendo mtupu utauona vizuri zaidi kwenye televisheni.

Beba sweta. Najua utanicheka, unatoka Dar ya Machi, shati limeganda mgongoni. Lakini mbio za Lusail hukimbiwa usiku chini ya taa tangu 2008, uwanja umezungukwa na jangwa, na jua likizama upepo unakuja na mchanga na baridi yake. Sprinti nzima niliitazama nimejikunja kama mgonjwa wa malaria. Nunua pia viziba masikio Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya kazi. Pamba ya sikio haisaidii kitu.

Usafiri wa mjini hauna shida. Unapanda metro, njia nyekundu, hadi kituo cha mwisho cha Lusail, kisha basi hadi uwanjani. Tabu ni kurudi, kwa sababu wote mnaondoka kwa wakati mmoja. Mbio za Jumapili zilianza saa mbili usiku na zilichelewa kidogo kwa sababu pikipiki moja iligoma kwenye mstari wa kuanzia. Muitaliano Bagnaia akashinda, Brad Binder wa Afrika Kusini akawa wa pili, kama alivyokuwa wa pili kwenye sprinti. Nilimpigia kelele kama mtu wa Temeke mwenzangu. Sikutaka kuondoka kabla hajapanda jukwaa la washindi, na ndege yangu ilikuwa usiku ule ule. Nilifika uwanja wa ndege nikikimbia, begi mgongoni, mchanga kwenye meno, nikawa wa mwisho kuingia.

Wewe panga kurudi Jumatatu. Ila angalia na kalenda ya Kiislamu: mwaka ule Jumatatu ilikuwa Ramadhani mosi kule, na ndugu yangu alitoka uwanjani akipitia dukani kununua tende za daku, wakati mimi nabishana na foleni ya basi.